Mgeni wa Ghorofa ya Nne

Abiria wa mwisho alishuka na mtoto mgongoni na begi kichwani, na bado mwanamke mwenye gauni la njano hakuonekana. Mshonaji alisogea karibu na mlango wa basi. Alikuwa amefunga kilemba cha kijani, kama walivyokubaliana kwenye simu, na tangu saa moja asubuhi alikuwa amesimama kwenye jua la kituo akikodolea macho kila gauni la njano lililopita, hata la mtoto wa chekechea.

"Wewe ndiye unayemsubiri mama wa kiti cha mbele?" kondakta alimuuliza.

"Namsubiri rafiki yangu."

"Basi ndiye huyo. Vumilia kidogo, kiti chake kiko juu ya keria."

Mshonaji hakuelewa. Abiria gani husafiri na kiti chake? Alielewa pale kondakta alipopanda juu, akafungua kamba na kuteremsha kiti cha magurudumu kilichojaa vumbi la safari ya usiku kucha. Kisha yeye na dereva wakaingia ndani, wakatoka wamembeba mwanamke mnene wa makamo, gauni la njano, na miguu myembamba inayoning'inia kama mikono ya sweta lililoanikwa.

"Usinitazame hivyo, Vifungo," mwanamke alisema akiketishwa. "Utanifanya nidhani nimevaa gauni kinyume."

Sauti ilikuwa ileile. Miaka sita nyuma mwanamke huyu, mpokea simu wa kampuni ya mbegu huko bara, alikosea tarakimu moja akimtafuta mteja, na mshonaji akamjibu, "Mbegu sina, labda vifungo." Walicheka mpaka salio likaisha. Jumatano iliyofuata alipiga tena, na safari hiyo hakukosea. Tangu hapo mmoja alikuwa Vifungo na mwingine Sauti, na kila Jumatano jioni walizungumza kama dada waliolala kitanda kimoja. Picha walizotumiana zilikuwa za kuanzia mabegani kwenda juu.

Mshonaji alitaka kucheka, akajikuta analia, kisha akafanya yote mawili kwa pamoja. Aliinama kumkumbatia, kilemba kikamdondokea mgeni mapajani.

"Mbona hukuniambia?"

"Kwenye simu nilikuwa natembea kama wewe," Sauti alisema. "Kila nikitaka kukwambia, nakuta tunacheka. Nikasema, wacha nitembee Jumatano moja zaidi. Jumatano zikazaa miaka. Umekasirika?"

"Naishi ghorofa ya nne."

"Lifti?"

"Shimo lake lipo."

Walitazamana, kicheko kikawashika hadi kondakta akageuka kuwaangalia. Sauti alipopata pumzi alisema, "Nitafutie nyumba ya wageni, ya chini. Siku tatu si nyingi."

"Ukalale kwa watu na mimi niko hai?"

Alilisema kwa nguvu, lakini moyoni alikuwa ameshaanza kuhesabu. Aliziwaza ngazi sitini na nne, mume wake anayerudi kutoka kazini kiuno kikiwa kimekaza, na mama mkwe aliyeketi juu kule akimsubiri mgeni amchambue. Na kulikuwa na jambo jingine, la dirisha, ambalo Mshonaji aliona si lazima liletwe pale kituoni.

 

Mume wa Mshonaji alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache, ambaye hata mkewe mwenyewe hakuwahi kumshika mkono barabarani. Aliitwa kwa simu, akawakuta mlangoni pa jengo akiwa na mkoba wa vifaa begani. Alimtazama mgeni, akatazama ngazi, akauweka mkoba chini.

"Samahani, shemeji. Itabidi nikushike miguu."

"Shika tu, shemeji. Yenyewe haitasema kitu."

Fundi bomba aliona haya mpaka masikioni. Alichuchumaa, akambeba mgongoni, akaanza kupanda. Mshonaji alifuata nyuma na kiti, kikigonga kila ngazi. Kila ghorofa mlango ulifunguka. Muuza nyama wa ghorofa ya tatu alitoka na kijiko mkononi, akasimama kando kuwapisha kama mtu aliyekutana na jeneza.

"Habari za asubuhi," Sauti alimwambia kutoka juu ya mgongo wa mtu. "Msinihurumie mimi. Mhurumieni farasi."

Juu, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na meza ya cherehani, mikono miwili juu ya fimbo. Jengo zima lilimwita Bibi tu, kwa sababu ya mjukuu wake mmoja, binti wa Mshonaji, aliyekuwa shule ya bweni. Kitanda cha binti huyo ndicho kilichotandikwa kwa ajili ya mgeni.

"Karibu," Bibi alisema. "Pole na safari. Lakini wewe nadhani hujachoka sana."

"Mama!" fundi bomba alisema huku akihema.

"Nimemkaribisha. Kuna ubaya?"

Sauti alicheka, lakini Mshonaji alijua kicheko chake cha kweli kwa miaka sita, na hiki hakikuwa chenyewe.

Mambo ya ndani yakaanza. Kiti cha magurudumu hakikupita mlango wa bafu. Kilikwama kwa upana wa vidole vinne. Fundi bomba aliung'oa mlango, akatundika pazia la maua. Bibi alilitazama pazia hilo muda mrefu.

"Nimezeeka kwenye milango," alisema, "leo naoga nyuma ya kitambaa."

Sauti alijisogeza hadi dirishani ili asiwe njiani, ingawa katika sebule ile kila mahali palikuwa njiani. Alitazama nje. Aliona ukuta wa jengo la jirani, matangi mawili ya maji, na shuka la mtu likikauka.

"Vifungo. Bahari yako iko wapi?"

Mshonaji alikuwa akimimina chai. Kwa miaka sita alikuwa amemsimulia bahari inayoonekana kutoka dirishani: rangi yake alfajiri, meli zilizosimama kwa mbali, upepo unaopeperusha mapazia akiwa anashona.

"Iko nyuma ya lile jengo."

"Nyuma yake tu hapo?"

"Nyuma yake na mengine sita."

Sauti aliinamia kikombe chake ili uso usionekane, mabega yakitikisika. "Basi na wewe," alisema. "Basi na wewe, mwizi!" Na hiki sasa kilikuwa kicheko chenyewe.

 

Jumamosi asubuhi fundi bomba alimshusha mgeni, akaenda kazini na mkono kiunoni. Marafiki wawili wakaanza kuutembelea mji. Jua lilikuwa limeshatandaza uzito wake juu ya kila kitu. Kuta nyeupe ziliumiza macho na lami ilinata kwenye matairi ya kiti.

Teksi ya kwanza ilipunguza mwendo, ikakiona kiti, ikaongeza. Dereva wa pili alisema dude lile lingemchania viti. Wa tatu alikubali kwa nauli mara mbili, kwa ajili ya mzigo.

"Mzigo ni kiti au ni mimi?" Sauti alimuuliza.

Dereva alijishughulisha sana na kioo chake cha pembeni.

Kwenye ngome ya zamani karani wa tiketi alimuuliza Mshonaji, "Yeye anataka kuona nini?"

"Yeye anasikia," Sauti alisema.

Karani aliendelea kumtazama Mshonaji. "Ndani kuna ngazi nyingi, mama. Haturuhusu, kwa usalama wake."

"Usalama wangu," Sauti alisema.

"Ndiyo, wake."

Mshonaji alifungua mdomo kumpa karani maneno ambayo angeyakumbuka hadi kustaafu, lakini Sauti alimgusa mkono. Waliizunguka ngome kwa nje. Mahali penye kivuli Sauti aliomba asogezwe mpaka ukutani, akaweka kiganja chake kwenye jiwe. Lilikuwa na joto kama mkate.

"Nimeishika," alisema. "Walioko ndani wamelipa na wameambiwa wasiguse."

Kutoka hapo walitaka kwenda kwenye nyumba ya samaki, wanakoonyeshwa samaki hai nyuma ya vioo. Mshonaji alisukuma kiti upande wa kushoto, akasimama, akageuza kulia. Alimuuliza muuza karanga. Baada ya nusu saa ya vichochoro walitokea kwa muuza karanga yuleyule, na Mshonaji akamuuliza tena, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza choo.

"Vifungo," Sauti alisema bila kugeuka. "Umewahi kufika huku?"

"Nimepita."

"Lini?"

"Kwa basi. Mvua ilikuwa inanyesha, vioo vilikuwa na ukungu." Mshonaji alishika mishikio ya kiti kwa nguvu. "Sauti, mimi nina miaka kumi na tisa mji huu. Naamka, nashona, napika, nashona. Wateja wangu ndio wanaokwenda. Wakija kupimwa wananisimulia, na mimi Jumatano nakusimulia wewe. Sikutaka uone kwamba upande huu wa simu hakuna kitu."

Muuza karanga alijifanya anahesabu karanga. Sauti alinyoosha mkono nyuma ya bega lake hadi akaupata wa mwenzake.

"Basi tuko sawa," alisema. "Mimi sikutembea na wewe hukutembea. Tumsikilize vizuri huyu baba, safari hii atuonyeshe njia kwa kidole."

Kwenye nyumba ya samaki mlango mkubwa ulikuwa na ngazi sita. Lakini mlinzi, mzee mwenye meno machache, aliwaambia wazunguke nyuma, kwenye mlango wa kuingizia barafu, ambao ulikuwa na mteremko wa mikokoteni. Waliingia kwa njia ya barafu, miguu ikilowa. Ndani mlikuwa na ubaridi na mwanga wa kijani. Samaki mmoja mkubwa, mwenye mdomo wa mtu aliyenuna, alisogea hadi kwenye kioo, akamtazama Sauti usoni.

"Hata huyu?" Sauti alisema. "Hata huyu ananikodolea macho?"

"Msamehe. Naye hana miguu."

Mshonaji alishtushwa na maneno yake mwenyewe, lakini Sauti alikuwa ameshika tumbo na machozi yanamtoka. Katika maisha yake watu walimwonea huruma, walimwombea, walimzungumzia juu ya kichwa chake. Aliyewahi kumtania miguu hakukumbuka, isipokuwa yeye mwenyewe.

Walipotoka, Mshonaji alivuka kwenda kununua maji. Foleni ilikuwa ndefu. Sauti alibaki kwenye njia ya miguu, kofia yake mapajani, akijipepea uso kwa kiganja. Mwanamume mmoja wa heshima, shati limepigwa pasi, alipunguza mwendo, akatumbukiza sarafu ndani ya kofia.

"Baba! Umeangusha pesa yako."

"Ni yako, mama. Mungu atakufungulia."

Alikwisha kupita. Sauti alishika magurudumu akamfuata, "Baba! Baba, ngoja!", mpaka njia ya miguu ikaisha. Mbele palikuwa na ukingo wa urefu wa kiganja, na barabara. Mwanamume alivuka bila kugeuka. Sauti alibaki pale ukingoni na sarafu mkononi, na watu waliokuwa wakisubiri kuvuka walimwona kama ombaomba anayedai zaidi; mmoja wao alianza kupekua mfuko.

Mshonaji alimkuta hivyo. Hakuuliza mara mbili. Aliichukua sarafu, akavuka katikati ya honi za magari, mwanamke wa miaka arobaini na tatu anayekimbia na viatu vya kubana, akamkuta yule bwana mlangoni pa duka.

"Hii yako. Yule ni mpokea simu. Alikuwa ananisubiri mimi ninunue maji, kama mkeo anavyokusubiri wewe."

Yule bwana alitazama ng'ambo, akaiona kofia, akaliona gauni la njano. "Samahani," alisema. "Samahani sana, dada. Nilidhani..." Aliipokea sarafu kama kitu cha moto. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana ilimuuma siku nzima.

Baharini walifika saa tisa. Mchanga ulikuwa laini, kiti kingezama, kwa hiyo walibaki kwenye barabara ya ufukweni, nyuma ya ukuta mfupi. Maji yalimeta hadi macho yakakataa. Watu walikuwa wanaoga, wanapiga picha, wanagombana kuhusu kivuli cha mwavuli. Mshonaji alikuwa anaiona bahari kwa ukaribu huo kwa mara ya pili tangu azaliwe.

"Nilidhani itakuwa na kelele zaidi," Sauti alisema.

"Ni mimi niliyekwambia ina kelele."

"Uliniambia inanguruma."

"Nilizidisha."

 

Jioni, kabla taa za ngazi hazijawashwa, fundi bomba alimbeba tena mgeni. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne kitu kilimkata kiunoni kama waya. Hakuanguka, alishusha magoti polepole mpaka akakaa kwenye ngazi, mgeni bado mgongoni, jasho likimtiririka.

"Shemeji," Sauti alimnong'oneza sikioni, "niache hapa. Nitambae."

"Hutambai nyumbani kwangu," fundi bomba alisema kwa meno yaliyofungwa.

Ilibidi muuza nyama aitwe, na kaka yake aliyekuwa amekuja kutembea, wambebe mgeni, kisha warudi kumbeba mwenye nyumba. Fundi bomba alilazwa kwenye mkeka sebuleni, mkewe akimkanda kwa taulo la maji ya moto. Bibi alitazama yote hayo bila kusogea. Kisha fimbo yake ikagonga sakafu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone! Huyu kaja, mwenyeji kavunjika mgongo."

"Mama, tafadhali," Mshonaji alisema. "Anasikia."

"Asikie. Na nyinyi msikie." Maneno ya Bibi yalianza kukatikakatika, na ikawa dhahiri kwamba hasira yake haikuwa ile waliyoidhania. "Jana kapandishwa. Leo asubuhi kashushwa, kaenda kuona samaki. Sasa kapandishwa tena. Sawa, ni mgeni. Mimi niliingia humu na goti moja bovu, sasa ni mawili. Miaka miwili na miezi minne sijakanyaga chini. Kuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, mama, unataka kwenda wapi leo?"

Maji yalitiririka kutoka kwenye taulo hadi sakafuni.

"Hukusema, mama," mwanawe alisema kutoka mkekani.

"Ningesema nini? Nibebeni? Niliwabeba nyinyi, sikusubiri mseme."

Mshonaji aliinamisha kichwa. Kwenye sakafu tambarare Bibi alitembea vizuri na fimbo yake. Ngazi ndizo zilizomshinda. Majirani walipomuuliza habari zake, Mshonaji alikuwa anajibu, "Mama siku hizi hapendi kutoka." Alikuwa amelisema mara nyingi hadi akaliamini. Na jana, kwa ajili ya mtu aliyemfahamu kwa simu tu, mlango wa bafu ulikuwa umeng'olewa kwa dakika kumi.

Sauti alisukuma kiti chake kutoka kwenye kona, akafika mbele ya Bibi, magoti yao yakakaribia kugusana. Yeye pekee ndiye aliyekuwa kwenye kimo chake.

"Mama," alisema. "Ungetaka kuona nini?"

"Sitaki kuona kitu. Mimi si mtalii."

"Basi ungetaka kufanya nini?"

Bibi alipangusa pua kwa pindo la kanga. "Nataka kununua nyanya mwenyewe," alisema. "Nizishike. Nizikatae. Nimwambie mwenye nyanya, hizi umewalimia nguruwe."

Aliyeanza kucheka ni fundi bomba, na kila akicheka kiuno kilimkata, akawa anacheka na kulia, "Jamani, aii, mama, aii." Bibi alimwangalia kwa ukali. Kisha akamwambia mkwewe, "Maji ya taulo yamepoa. Chemsha mengine, mwanangu ataganda."

 

Jumapili muuza nyama na kaka yake walishusha watu wawili. Kwanza Sauti, ambaye aliomba aketishwe kwenye benchi la saruji lililo mlangoni pa jengo. Kisha Bibi, ndani ya kiti cha magurudumu cha Sauti, macho ameyafumba na midomo inasali ngazi kwa ngazi.

"Umetoka mbali hivyo uje kukaa mlangoni?" Mshonaji alimlalamikia rafiki yake. "Na leo ndiyo siku yako ya mwisho."

"Nitaangalia watu. Kwetu mimi ndiye ninayeangaliwa." Sauti alitandaza gauni lake kwenye benchi, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine kwa mikono yake, akaegemea. Bila kiti pembeni alikuwa mama mmoja aliyekaa. "Nendeni. Msinunue mbovu."

Sokoni Bibi aliirudisha miaka miwili na miezi minne kwa saa moja na nusu. Meza ya kwanza alisema nyanya zimelala. Ya pili alisema zina mimba ya maji. Ya tatu alizigeuza moja moja, akazinusa kwenye kikonyo, muuzaji akamwambia, "Bibi, hizo ni nyanya, si wachumba," na Bibi akamjibu, "Ndiyo maana nachagua vizuri. Mchumba nilichaguliwa." Watu wa meza za jirani walipiga makofi. Uso wake ulikuwa umefunguka. Mshonaji hakuwahi kumwona hivyo, wala hakujua kwamba mama mkwe wake ni mcheshi.

Kisha Bibi aliuliza bei.

Alidhani hakusikia vizuri. Muuzaji alirudia. Bibi aligeuka kumtazama mkwewe, kisha akauliza bei ya vitunguu, ya mafuta, ya mchele ule wa kawaida wa nyumbani, na kila jibu lilimfanya ajikunyate kidogo ndani ya kiti.

"Ulikuwa unanunua kwa bei hii?" alisema mwishoni.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nalalamika kila siku kwamba nyanya ni moja kwenye mchuzi."

"Nilisema nitaongeza mwezi ukigeuka."

"Mbona hukuniambia?"

Mshonaji alitaka kujibu, Bibi akainua kiganja kumzuia. Alikuwa amekumbuka nani hasa katika nyumba ile alikuwa hodari wa kutosema. Alichagua nyanya nne. Tatu zilizobaki mkononi alizirudisha mwenyewe.

Waliporudi walimkuta Sauti katikati ya wanawake wawili na msimamizi wa jengo, mtu ambaye wapangaji humkimbia, akimsimulia kwa kirefu habari za meno yake.

"Vifungo," Sauti alisema, "ulijua kwamba vile vyumba viwili vya nyuma, walivyokuwa wanawekea saruji, vitakuwa wazi mwisho wa mwezi?"

"Nani kakwambia?"

"Nimeuliza tu. Kazi yangu ni kumuuliza mtu, nikuunganishe na nani?"

Msimamizi aliwaonyesha. Vyumba vilikuwa viwili, si vitatu kama vya juu. Vilikuwa na vumbi la saruji hadi kwenye nyufa, dirisha moja dogo lililotazama ukuta wa uani, na jirani yake ilikuwa pampu ya maji, iliyonguruma mara nne kwa siku. Kodi ilipungua kidogo. Mlangoni hapakuwa na ngazi hata moja. Bibi alishuka kwenye kiti, akashika fimbo, akavuka kizingiti kwa miguu yake, akatoka, akaingia tena. Hakusema anapataka. Aliingia na kutoka tu, mara tatu.

Mshonaji alisimama katikati ya vumbi. Ghorofa ya nne ndiyo iliyokuwa fahari yake. Wateja walipofika juu wakihema waliusifu upepo. Meza ya cherehani ilikuwa mahali penye mwanga hadi saa kumi na mbili. Humu angeshona na taa mchana. Na angemwambia nini mtu akimuuliza anaona nini dirishani?

"Ni giza," alimwambia mumewe jioni, alipokuwa akimkanda. "Nitapofuka."

"Nitatoboa dirisha la pili. Msimamizi atakubali, nimemzibia mabomba yake bure miaka mingapi?"

"Na ile pampu?"

"Pampu naijua. Inahitaji mpira mpya, itanyamaza." Fundi bomba aligeuza uso kwenye mkeka. "Mke wangu. Shemeji kaniambia mama ameingia na kutoka mara tatu. Umemwona?"

"Nimemwona."

Aliendelea kumkanda. Alikasirika kidogo, alilia kidogo, na taulo lilipopoa alikuwa ameshaanza kupima kichwani meza ya cherehani itakaa ukuta gani.

 

Jumatatu asubuhi muuza nyama alimshusha Sauti kwa mara ya mwisho. Bibi alikataa kuagana naye; alisema kuagana ni kufukuza. Lakini alimfungia nyanya mbili kwenye karatasi, zile nzuri, na kumwagiza azile kabla ya jioni.

Kituoni kondakta alifunga kiti juu ya keria. Marafiki walishikana mikono kupitia dirisha la basi.

"Safari ijayo sitapandishwa," Sauti alisema.

"Safari ijayo utagonga mlango mwenyewe kama mdai."

"Na utakuja kwangu lini? Nyumba yangu ni ya chini, ina mwembe wa kweli, sikuzidisha."

"Nitakuja. Nitakuja kuhakiki."

Basi liliondoka. Mshonaji hakurudi moja kwa moja. Alishuka hadi barabara ya ufukweni, peke yake, siku ya kazi, akakaa kwenye ule ukuta mfupi kwa robo saa, kisha akaenda kumalizia suruali ya mtu.

Walihama wiki ya kwanza ya mwezi. Cherehani ilikaa chini ya dirisha jipya, ambalo lilitazama uani, mahali kuku wa mtu walipokuwa wakipekua. Mpira wa pampu ulibadilishwa. Ikapunguza kunguruma, ikawa inakoroma. Mteja mmoja alisema pamekuwa padogo, na Mshonaji akamjibu kwamba ndiyo, ni padogo, vua koti nikupime.

Jumatano jioni simu iliita.

"Vifungo! Habari za chini?"

"Nzuri. Tunakanyagwa tu na walioko juu."

"Hebu nipe Bibi nimsalimie kwanza."

Mshonaji aligeuka kumtafuta. Kiti kilikuwa kitupu, kanga ya kutokea haikuwa kwenye msumari wake, na mlango ulikuwa wazi, jua la jioni limeingia hadi katikati ya chumba.

"Hayupo," alisema. "Ametoka."

"Kaenda wapi?"

"Sijui," Mshonaji alisema, na kicheko kilianza kumpanda kifuani. "Hakuniaga."